Pain perdu ya kuoka: trei tatu, mchanganyiko mmoja, moja imegeuka ziwa. Nani anieleze?

#1 Mama_Muhumba (Jumatatu, saa 2 usiku)
Bonjour bakubwa na badogo. Nina swali, ila kwanza nina hasira kidogo.

Jana kitinda mimba wangu amepokea komunyo ya kwanza. Misa ya saa kumi na mbili na nusu, wageni nyumbani saa nne. Nikawaza: nikianza kukaanga pain perdu (mkate uliochovywa kwenye mayai na maziwa) kipande kwa kipande, watu 35 watanikuta jikoni nanuka mafuta na wa mwisho atakula saa nane. Basi Jumamosi jioni nikapanga trei tatu, nikazilaza usiku, ili asubuhi ziingie kwenye furu (oveni) huku sisi tunavua nguo za kanisa.

Kila trei ilikuwa na mkate karibu nusu kilo, mayai 8, maziwa mililita 600 (ya unga, yale yenye mafuta, nilikoroga mwenyewe), sukari, vanila, mdalasini na chumvi kidogo. Mayai 24 kwenye ndoo moja, nikakoroga kwa mwiko, nikagawa kwa kikombe, sawasawa. Furu kwenye 180, dakika 45.

Ya kwanza: safi, juu inavunjika kama ganda, ndani laini. Ya pili: imekauka pembeni lakini inaliwa. Ya tatu: nilipozamisha kijiko, chini kulikuwa na ziwa. Mama mkwe akauliza kama ule ni uji wa mgonjwa. Mbele ya padri.

Ndoo moja, furu moja, mkono mmoja. Nini kilitokea?

#2 DadaKadutu
Pole mama. Mi naona kosa iko mu mukate. Ile ya tatu ulitia mukate ya siku ile ile, njo maana. Mukate mupya hainywe maziwa, inayeyuka tu.

#3 Kijana_wa_Nguba
"Mbele ya padri" 😂😂 Mama, padri alikula?

#4 Mama_Muhumba
@Kijana alikula ya kwanza, mara mbili. @DadaKadutu hapana dada, mikate yote nilinunua Alhamisi, ile mirefu, ikakaa mezani chini ya kitambaa mpaka Jumamosi. Ilikuwa imelala vizuri kabisa.

#5 Fundi_Unga
Mimi nachoma mikate Bagira, hapa Bukavu, mwaka wa 17 huu, niruhusuni niseme. Kulala na kukauka si kitu kimoja. Mkate ukilala, wanga ndani yake unajipanga upya na kuwa mgumu, lakini maji mengi bado yamo. Ndiyo maana ukiupasha unarudi kuwa laini. Mkate uliokauka umepoteza maji yenyewe, sasa una nafasi ya kunywa. Chini ya kitambaa siku mbili, mikate yako ililala. Haikukauka.

Halafu angalia hesabu. Mayai 8 bila maganda ni karibu gramu 400. Ongeza maziwa 600. Kwa nusu kilo ya mkate umemimina kilo moja ya majimaji. Mkate mkavu unaibeba hiyo, laini utazama.

Dawa: kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, vitandaze kwenye furu ya moto mdogo, 150 hivi, dakika 10 hadi 15, ugeuze mara moja. Ukikigonga kitoe sauti. Ndipo umimine.

#6 Kijana_wa_Nguba
Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Mimi mkate wangu nautupa kwenye frigo usiku mmoja unakuwa jiwe.

#7 Fundi_Unga
@#6 hilo ndilo kosa la kila nyumba yenye frigo. Baridi ya frigo ndiyo inaharakisha mkate kulala kuliko hata mezani. Unakuwa jiwe, kweli, lakini ni jiwe lenye maji ndani. Ukitaka kuuhifadhi, ugandishe kabisa kwenye kongeleta (friza). Ukitaka kuukausha, moto au hewa.

#8 Shangazi_Ndosho
Hodi kutoka Goma. Mbona hakuna anayetaja milima? Bukavu na Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Maji kwetu yanachemka kwenye 95 hivi, si 100. Mapishi haya mnayatoa kwa watu wa pwani au wa Ulaya, mnakopi dakika 45 kama zilivyo. Kwetu ongeza. Mimi hupika saa nzima na sijapata uji hata siku moja. Maharage yanatufundisha kila siku lakini hatusikii.

#9 KatubaMoja
Shangazi heshima yako, lakini shiye huku Lubumbashi tuko mita 1,200 na kitu, na tunaoka dakika 40 vizuri tu.

#10 Mwalimu_wa_Kemia
Shangazi #8 ana haki kuhusu maji na maharage, ila sidhani mlima ndio mkosaji hapa. Yai peke yake linaanza kushikana kwenye 60 na kitu. Likichanganywa na maziwa na sukari linachelewa, linashika vizuri kwenye 80 hadi 85. Zote hizo ziko chini ya 95. Kwa hiyo hata Bukavu yai linafika linapotakiwa kabla maji hayajachemka. Tena mlimani maji yanatoka haraka zaidi, tungetarajia trei zikauke, si zilowe. Na trei mbili zilitoka. Mlima haukuzichagua.

Mimi naiangalia ndoo. Mama ulikoroga mara moja halafu ukagawa? Sukari na unga wa maziwa ambao haukuyeyuka huzama. Trei ya mwisho ilipata matope ya chini: sukari nyingi. Sukari inachelewesha yai kushika. Dakika 45 zikaisha yai bado linafikiri.

#11 Shangazi_Ndosho
Mwalimu, umeniita mwenye haki kisha ukanikana ndani ya aya moja. Sawa. Nitaendelea na saa yangu nzima.

#12 Mama_Muhumba
Aksanti Mwalimu. Nilikoroga mara moja, ndiyo, kisha nikagawa. Ila trei iliyogeuka ziwa sikuimimina mwisho. Ilikuwa ya katikati. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa ile yenye mpini uliovunjika.

#13 Mwalimu_wa_Kemia
Basi nimerudi kukaa.

#14 Fundi_Unga
Mama, trei zote ni za aina moja? Na zililala wapi? Usiseme "kwenye frigo" haraka. Frigo gani inameza trei tatu?

#15 Mama_Muhumba
Hapo umenikamata. Mbili ziliingia kwenye frigo, moja juu ya nyingine na ubao katikati. Ya mpini uliovunjika ilikosa nafasi kwa sababu ya kreti ya fanta ya watoto. Niliiacha kwenye dirisha la jikoni, imefunikwa. Usiku Bukavu ni baridi, mnajua. Nilivaa sweta.

Zile mbili za frigo ni za aluminiamu. Hiyo ni ya kioo, zawadi ya harusi.

#16 DadaKadutu
Mama!! Na unasema leo? Post ya 15?

#17 Muuguzi_Panzi
Samahani, hapa siwezi kupita kimya. Mayai mabichi na maziwa dirishani usiku kucha, hapana. Baridi ya Bukavu usiku ni 14, 15. Ni baridi ya sweta, si baridi ya frigo. Vijidudu vinaongezeka vizuri kabisa kati ya nyuzi 5 na 60, na kanuni ya kawaida ni kwamba chakula cha namna hii kisizidi saa mbili nje. Unasema ziliingia Jumamosi jioni, zikaokwa asubuhi. Hesabu mwenyewe. Na hiyo ndiyo trei ambayo katikati haikuiva! Joto la katikati likifika 71 salmonela inakufa, lakini ziwa lako nadhani halikufika.

Kuna aliyeumwa tumbo?

#18 Mama_Muhumba
Hakuna. Asante Mungu hakuna aliyeila. Ilirudi jikoni na kijiko kimoja tu kimetumika, cha mama mkwe. Na yeye mzima, leo asubuhi amenipigia kuulizia sufuria yake.

#19 Mzee_wa_Nyawera
Sisi tumelaza maziwa dirishani miaka yote, mashanza yanatoka vizuri, na tumezeeka.

#20 Muuguzi_Panzi
Mzee wangu, shikamoo. Mashanza ni maziwa yaliyochachuka, ule uchachu wenyewe unazuia vijidudu vingine. Mayai hayachachuki, yanaoza tu. Tusilinganishe.

#21 Mzee_wa_Nyawera
Nimesikia binti. Lakini nimezeeka.

#22 KatubaMoja
Tuache tumbo kidogo, turudi kwenye kioo. Kwangu jibu liko pale. Aluminiamu inapokea moto haraka, kioo kinachelewa. Trei mbili zimeiva, ya kioo bado inaota jua. Mimi ya kioo naiongezea dakika 15.

Na tahadhari moja: kamwe usitoe kioo kwenye frigo ukakisukuma kwenye furu ya moto. Mwaka jana Krismasi mimi ilipasuka PAA, mayai yakatiririka mpaka chini kwenye waya za moto. Nyumba nzima ilinuka manyoya ya kuku yaliyoungua. Kitoe, kikae dakika 20 hadi 30 kabla.

#23 Fundi_Unga
@#22 kweli kuhusu kupasuka. Lakini fikiri: ya kioo ilitoka dirishani kwenye nyuzi 15, zile mbili zilitoka frigo kwenye 4. Ya kioo ilianza na joto zaidi. Ilipaswa kuwahi, au angalau kufikia wenzake. Mimi bado nasema mkate. Dirishani, kwenye unyevu wa jikoni, mkate uliendelea kulegea usiku wote, na frigo ilisaidia zile mbili kubaki zimekaza.

#24 KatubaMoja
Imefunikwa, amesema. Unyevu ungeingilia wapi?

#25 Fundi_Unga
Imefunikwa na nini? Mama?

#26 Mama_Muhumba
Kitambaa.

#27 Kijana_wa_Nguba
Huyu mama anatoa ushahidi kama mtu aliyekamatwa kwenye mpaka. Kila swali, kitu kimoja 😂

#28 Bibi_Arusi_2024
Hamjambo. Mimi sijui mambo ya nyuzi, nauliza tu: huko Marekani wanaita "french toast", sisi tunaita pain perdu, Wafaransa wenyewe wanasema wao ndio wenyewe. Nilisoma mahali kwamba ni mtu wa Albany aliyeitwa Joseph French aliyeibuni 1724 akasahau kuandika jina vizuri. Kweli?

#29 Mwalimu_wa_Kemia
Hadithi ya baa hiyo. Jina hilo limeshaandikwa Uingereza kwenye kitabu cha mapishi cha 1660, miaka 64 kabla ya huyo bwana. Na hata kule mkate ulichovywa kwenye divai, hakuna yai. Warumi walishachovya mkate kwenye maziwa, wakakaanga, wakamwagia asali. Wahispania wanazo torrijas zao za Wiki Takatifu. Wajerumani wanaiita Arme Ritter, wapanda farasi maskini.

#30 Mzee_wa_Nyawera
Sisi tulipata kwa Wabelgiji. Wafulamishi waliita verloren brood, ni jina lile lile, mkate uliopotea. Nilipokuwa mtoto niliona masista wanakusanya mikate ya bweni Ijumaa. Nilidhani wameipoteza na wanaitafuta.

#31 DadaKadutu
Mzee 😂😂 mukate ilipotea wapi, ku Ruzizi?

#32 Shangazi_Ndosho
Nikiwa nimeshapoteza kesi ya mlima niwape cha kweli: Goma tunaoka ya chumvi. Hakuna sukari, hakuna vanila. Mkate uliokauka, mayai, maziwa, kitunguu kilichokaangwa, nyanya, na jibini la Masisi lililokunwa katikati na juu. Inalazwa vile vile (kwenye FRIGO), asubuhi inaoka. Hailowi kamwe, jibini linashika kila kitu. Watu wanaotoka kanisani na njaa hawataki sukari saa nne.

#33 Kijana_wa_Nguba
Bado kidogo mtatia sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu.

#34 Shangazi_Ndosho
Mtoto, usinipe mawazo.

#35 Aline_wa_Muhumba
Bonjour. Mimi ni binti wa mwenye uzi, wa pili kuzaliwa. Nimesoma yote. Mama usikasirike.

Jumamosi usiku saa nne nilipita jikoni kunywa maji. Niliona trei moja imekunywa maziwa yote, juu vipande vimekauka. Nikaihurumia. Nikaongeza kikombe cha maziwa.

#36 DadaKadutu
Ayiiii

#37 Fundi_Unga
Kesi imekwisha. Tufunge uzi.

#38 Aline_wa_Muhumba
Hapana, haijaisha kaka. Niliongeza ile ya ndani ya frigo, ya chini. Ile ya dirishani sikuigusa, sikujua hata iko pale.

#39 Kijana_wa_Nguba
Kwa hiyo trei iliyoongezewa maziwa ndiyo iliyotoka KAVU PEMBENI??? Nimekaa chini.

#40 Mama_Muhumba
Aline, tutaongea. Na nyote mnisikilize: za frigo sikuweka alama. Ya chini inaweza kuwa ile safi, inaweza kuwa ile kavu. Nilizitoa mbio, mgeni wa kwanza alikuwa mlangoni saa tatu na robo na alikuja na watu sita ambao sikuwaalika. Walikuwa 35 kwenye karatasi. Niliosha sahani 48.

#41 Mwalimu_wa_Kemia
Nafasi kwenye furu je? Trei tatu kwa mara moja?

#42 Mama_Muhumba
Mbili waya wa juu, ubavu kwa ubavu, ya kioo waya wa chini. Na niliweka karatasi ya aluminiamu juu ya zote dakika 30 za mwanzo, kisha nikaondoa.

Nimekumbuka pia, umeme ulidhoofika kidogo. Balbu ya jikoni ilikuwa rangi ya chungwa.

#43 KatubaMoja
Waya wa chini! Na trei mbili juu yake zimefunga hewa yote. Moto wa juu hauifikii. Na umeme wa rangi ya chungwa. Kwa kweli ni ajabu hata hizo mbili ziliiva.

#44 Fundi_Unga
Furu za nyumbani nyingi moto mkali uko chini. Chini ilipaswa kuungua.

#45 KatubaMoja
Yako labda.

#46 Muuguzi_Panzi
Nawashauri mnunue kipimajoto cha nyama, kile cha kuchoma katikati. Kinamaliza ugomvi wote huu. Ukikosa, chomeka kisu katikati, kikae sekunde kadhaa, kitoke bila maziwa na kiwe cha moto ukikigusa. Juu kuwa kahawia si ushahidi.

#47 Bibi_Arusi_2024
Jamani mimi Jumamosi ijayo nina wageni 20, wifi zangu wote. Nishike lipi? Nikaushe mkate, niongeze dakika, nitupe kioo, au nikoroge tena?

#48 Shangazi_Ndosho
Yote binti yangu. Na jibini.

#49 Fundi_Unga
Kausha mkate kwenye moto. Mayai 8 na maziwa mililita 500, si 600, kwa nusu kilo. Maziwa ya unga pima: gramu 130 hivi kwa lita moja ya maji, usikoroge kwa macho. Koroga kabla ya KILA trei. Trei mbili tu kwa wakati mmoja. Ya tatu iingie ukishatoa, wageni wako watakuwa bado kwenye kahawa. Matunda usiyaoke ndani, ndizi na marakuja (pasheni) zinatoa maji. Weka juu wakati wa kula. Na usiku hakuna mtoto kuingia jikoni.

#50 Aline_wa_Muhumba
😔

#51 KatubaMoja
Bibi arusi, minaona kioo usitupe. Dakika 60 tu.

#52 Kijana_wa_Nguba (Ijumaa, saa 1 asubuhi)
Nimerudi. Sikulala. Nimefanya jaribio, trei mbili ndogo, mkate wa siku moja ambao SIKUUKAUSHA, moja kioo moja aluminiamu, zote frigo usiku kucha, zote waya wa chini, dakika 45. @Fundi na @Katuba mtanisamehe: zote mbili zimetoka safi. Picha napandisha intaneti ikirudi.

#53 Fundi_Unga
Mkate wa nani? Kuna mikate ina mafuta na maziwa ndani, hiyo haizami haraka.

#54 Kijana_wa_Nguba
Wa dukani, uliokatwa.

#55 Fundi_Unga
Basi hujajaribu alichofanya mama.

#56 Mwalimu_wa_Kemia
Na hakuoka trei tatu kwa pamoja. Na umeme wake haukuwa wa chungwa.

#57 Mzee_wa_Nyawera
Mlete mtoto aongeze kikombe kimoja tuone.

#58 Bibi_Arusi_2024 (Jumamosi, saa 11 alfajiri)
Nimekausha mkate, nimekoroga mara nne, trei mbili zimelala frigo, nimeandika 1 na 2 kwa kalamu kwenye plasta. Nimeamka kuwasha furu. Hakuna umeme mtaa mzima.

Mnieleze haraka ya mbabula (jiko la makaa). Wifi wanafika saa nne.

#59 DadaKadutu
Tulia dada. Sufuria kubwa, mchanga mukavu chini vidole viwili, ifunike ipate moto nusu saa. Trei ndani juu ya mawe madogo matatu, isiguse mchanga. Kifuniko, na juu ya kifuniko makala (makaa) yanayowaka, mengi kuliko ya chini. Chini uweke kidogo tu. Moja moja, usiharakishe.

#60 KatubaMoja
Na kama ni ya kioo usithubutu.

#61 Bibi_Arusi_2024
Moja ni ya kioo.

#62 Mama_Muhumba
Binti, uko mtaa gani? Mimi niko Muhumba na kwangu umeme upo tangu saa tisa. Lete ya kioo hapa, Aline atakufungulia. Hatagusa kitu.